Shairi la kusikiliza litungwe kwa mkufu

Mashairi ya "tusikilizane" yanayozunguka mitandaoni yananiudhi kwa jambo moja: kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa kumi ni nisikilize, nisikilize. Mtunzi anaomba sikio huku analirudia neno lake mara kumi, na hakuna mwingine anayepata nafasi ya kupumua. Kibwagizo kazi yake ni kushindilia. Kwenye wosia au maombolezo kinafaa sana. Hapa kinaipinga maana ya shairi lenyewe.

Bahari, yaani aina ya shairi, inayostahili ni mkufu, kwa sababu huanzi ubeti wako kabla hujayaokota maneno ya mwisho ya aliyekutangulia. Tuseme mwenye uchungu amefunga hivi:

Nisikize hadi mwisho, moyo upate kutua.

Anayesikiliza anapokea:

Moyo upate kutua, hilo nami nalitaka,
Sema nipate kujua, sina jibu la haraka.

Angalia kilichotokea: kina (sauti ya mwisho) cha utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, kimehamia ukwapi, nusu ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujaandika kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, weka akiba ya maneno mawili zaidi ya kina hicho, maana tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, itayadai katika mishororo miwili inayofuata. Kina cha -ua ni kikarimu: kujua, kuugua, kuchukua. Ukifunga kwa "neno lisije kukatwa", umejifungia kwenye -twa, na utabaki kuokoteza kuitwa, kuletwa, kufutwa. Hapo vina vinapatikana lakini hisia imekufa.

Mizani, yaani idadi ya silabi, nayo ihesabiwe kwa mdomo. "Mtu" ni mbili, "ndugu" ni mbili. "Nisikilize hadi mwisho" ni tisa, na mghani atalazimika kumeza silabi moja. "Nisikize" inarudisha nane za kipande, yaani nusu ya mshororo. Pumzi ya katikati ya mshororo ni lazima isikike, kwa kuwa ndicho kimya pekee alicho nacho msikilizaji ndani ya shairi la arudhi, lenye kanuni za vina na mizani. Neno likivuka mpaka wa kipande, hata kama jumla ni 16, kimya hicho kimepotea.

Mashairi huru nayo yanaweza, nakubali, mradi mtunzi ajue pa kunyamaza.

La mwisho ni idadi. Kama sauti mbili zinapokezana, beti ziwe witiri, zisizogawika kwa mbili, tano au saba. Mwenye uchungu akianza, ndiye atakayemaliza. Zikiwa sita, neno la mwisho linamwangukia msikilizaji, na hapo ndipo nasaha zinapoanza kumiminika.