Kantangaze Hajazoea Dawa

Jumamosi iliyopita, siku ya gulio la Tengeru, nilikuwa katika duka la pembejeo nikisubiri kufungiwa chanjo ya kideri ya kuku kwenye barafu, na mbele yangu alisimama mama mmoja mkulima wa nyanya aliyekuja na jani ndani ya mfuko wa nailoni. Jani lilikuwa limechorwa vijia vyeupe vya kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake huila nyanya kwa ndani, na alipolikunjua juu ya kaunta tuliona kiwavi akitambaa ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ya chini, mzima kabisa. "Mwanangu, nimepiga mara tatu na bado wanakula," alisema. Kijana wa duka hakulitazama jani mara ya pili, bali alifungua kizibo cha chupa, akakiinua tukione, na kusema: "Mama, hao wameshaizoea hiyo dawa. Badala ya kizibo kimoja na nusu kwa bomba la lita 20, wewe weka vitatu."

Wameshaizoea! Neno hilo nalisikia kwa wafugaji wanaoeleza kwa nini kupe hawafi tena kwenye josho, nalisikia redioni kila inapozungumziwa habari ya usugu, na, kwa aibu yangu kama mwalimu, nalikuta kila mwaka katika majibu ya wanafunzi wangu, ambao wakishaandika kwamba bakteria "walizoea dawa" huweka kalamu chini na kusubiri alama. Siwapi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuzoea kupo. Mnywaji wa mbege huzoea, na mtu aliyehamia Arusha kutoka Tanga huizoea baridi ya Julai baada ya miaka miwili ya kulalamika. Lakini mazoea hayo ni yake peke yake, na mtoto wake hazaliwi akiwa na kichwa kigumu cha pombe kwa sababu baba alikesha kilabuni. Kinachotokea katika shamba la yule mama ni jambo la namna nyingine kabisa, na haliwezi kueleweka kwa kumtazama kiwavi mmoja, kwa sababu halimtokei kiwavi mmoja bali hulitokea kundi zima, kizazi baada ya kizazi.

Jike mmoja wa kantangaze anaweza kutaga hadi mayai 260 hivi, na katika joto la kutosha vizazi 10 hadi 12 hupita kwa mwaka. Katika umati huo hakuna wawili wanaolingana kwa kila kitu, kwa kuwa vinasaba vinaponakiliwa hutokea makosa madogo ya nasibu, ambayo mengi hayana maana, mengine ni hasara, na moja moja humfanya mdudu aivunje sumu mwilini kabla haijamdhuru, au huibadilisha kidogo ile sehemu ya neva ambayo sumu ilipaswa kuishika. Mama anapopiga dawa, waliokuwa dhaifu kwayo hufa, na aliyekufa hakuzoea kitu. Wachache waliobaki nao hawakuzoea, maana tangu walipotoka kwenye yai dawa ile haikuwa na nguvu kubwa juu yao. Wao ndio wanaokutana na kutaga, na shamba linalojaa tena mwezi unaofuata limejaa watoto wao. Hakuna aliyejifunza lolote, ila uwiano wa waliomo umegeuka, na kugeuka huko kwa uwiano ndiko mageuko ya viumbe yenyewe, yakisukumwa na kile ambacho Darwin alikieleza mwaka 1859 na ambacho sisi darasani tunakiita uteuzi asilia.

Anayedhani huu ni ubishi wa maneno na aitazame kazi ya wanasayansi wa Marekani Joshua na Esther Lederberg ya mwaka 1952. Walikuza bakteria kwenye sahani isiyo na dawa, wakaikandamiza juu ya kitambaa cha mahameli kama mtu anavyogonga mhuri, kisha wakaugonga mhuri huo kwenye sahani nyingine yenye streptomaisini. Vilipoota vikundi vichache vilivyoishinda dawa, wao walirudi kwenye sahani ya kwanza, mahali palepale, na kuwakuta ndugu zao, nao pia ni sugu, ingawa hawakuwahi kuguswa na dawa hata kwa tone. Usugu ulitangulia, na dawa ilikuja baadaye kuchagua.

Wenye umri wangu wanakumbuka klorokwini, ule uchungu ulioshinda sukari ya bibi na ule muwasho wa viganja uliotufanya tujikune usiku kucha. Nchi yetu iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea sugu walikuwa wametapakaa. Malawi walitutangulia kuiacha, mwaka 1993, na kilichofuata huko hakielezeki kwa habari ya mazoea: alama ya usugu katika vinasaba vya vimelea, iliyokuwa kwa takriban asilimia 85 yao mwaka 1992, ilishuka hadi asilimia 13 mwaka 2000, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukaonyesha klorokwini ikiwaponya karibu watoto wote waliopewa huko Blantyre. Je, vimelea walisahau? La hasha. Usugu ule ulikuwa na gharama yake, kama koti zito la Julai ambalo mtu amelazimika kulivaa Himo mwezi wa Februari, na dawa ilipoondoka, wasio na koti wakazaana kuwapita wenye nalo.

Tembo wa Gorongosa, Msumbiji, wana kisa kama hicho, kwani baada ya vita na ujangili wa 1977 hadi 1992 uwiano wa majike wasio na pembe uliongezeka sana, na sijasikia mtu akidai kwamba tembo wamezoea bunduki. Na kwa wale watakaoniuliza kama nimeacha kusali kwa kuwa nafundisha mageuko, Jumapili nilikuwa kanisani kama kawaida.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno baya huzaa ushauri mbaya. Ukiamini kwamba mdudu amezoea, utaongeza kipimo, na ni kweli kwamba vizibo vitatu vitawaua baadhi ya wale wenye usugu wa wastani, lakini watakaobaki kuwa wazazi ni wale sugu kupita wote, na nyanya zenye mabaki ya vizibo vitatu tutazila sisi. Au utabadilisha chupa tu, jambo ambalo nalo ni kichekesho, kwa sababu kwenye rafu ile nilihesabu chupa tatu za majina matatu na rangi tatu, zote zikiwa na sumu ya kundi lilelile, yaani inayoua kwa njia ileile, kama ilivyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma yake. Anayeelewa uteuzi hupokezanisha makundi ya sumu, huning'iniza mitego ya harufu, na huyang'oa majani yenye vijia na kuyafukia.

Nilimkuta yule mama kituoni akisubiri Hiace, nikamweleza hayo kwa ufupi. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, nikiweka vitatu nitamuua nani?"

"Wengi ni wale ambao hata kimoja na nusu kingewaua, mama."

Aliitoa chupa kwenye kikapu, akaitazama nyuma, akarudi dukani kuuliza kama wanapokea mali iliyokwisha kununuliwa. Hawapokei.