Maple Leafs na wale nyota wanne: lawama ni ya wachezaji au ya walioandika mikataba?

Kuanzia 2019 hadi 2025, Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni ya Kanada, walicheza mechi sita za kuamua mfululizo, zile za mwisho ambapo timu zimelingana kwa ushindi na anayefungwa anafunga virago. Walipoteza zote sita. Katika mechi hizo zote walipata mabao matano tu. John Tavares alifunga moja dhidi ya Boston 2019. Dhidi ya Columbus 2020 hawakupata kitu. William Nylander alifunga dhidi ya Montreal 2021, Morgan Rielly dhidi ya Tampa Bay 2022, Nylander tena dhidi ya Boston 2024, na Max Domi dhidi ya Florida 2025. Auston Matthews na Mitch Marner, ambao msimu wa kawaida ndio waliokuwa wakiibeba timu mwaka baada ya mwaka, hawamo kwenye orodha hiyo.

Shabiki anayewalaumu wachezaji huishia hapo, na hakosei kukasirika. Huu ni mji unaokula na kulala hoki ya barafuni, na Kombe la Stanley, taji la ligi, halijafika huko tangu 1967. Lakini anayeutazama uongozi naye ana faili lake, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ingawa si kwa sababu inayorudiwa kila siku. Wengi wanasema kosa lilikuwa kuwalipa washambuliaji wanne, Tavares, Nylander, Matthews na Marner, nusu ya bajeti. Hilo lina utetezi wake. Lisilo na utetezi ni jinsi mazungumzo yenyewe yalivyopangwa: nani alitangulia kusaini, kwa miaka mingapi, na ni tarehe gani klabu ilipoteza sauti juu ya wachezaji wake yenyewe.

Kwa aliyezoea soka, kwanza afahamu kwamba katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, hakuna ada ya uhamisho. Klabu haziuziani wachezaji kwa fedha; zinabadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua chipukizi miaka ijayo. Na kuna kikomo cha mishahara kinachofanana kwa klabu zote, tajiri na maskini. Msimu wa 2019-20 kikomo kilikuwa dola milioni 81.5 za Marekani kwa kikosi kisichozidi watu 23. Kwa hiyo utajiri wa Toronto hausaidii kitu mezani, maana kila dola anayoongezewa nyota inatoka kwa mwenzake anayekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Sasa tuangalie mfuatano. Tarehe 1 Julai 2018 meneja mkuu Kyle Dubas, akiwa hajamaliza hata miezi miwili kwenye kiti, alimsajili Tavares kutoka New York Islanders kwa miaka 7 na dola milioni 11 kwa mwaka. Mji ulilipuka kwa furaha, na kwa mchezaji wa kiwango kile bei haikuwa ya ajabu. Tatizo ni kwamba vijana watatu waliolelewa na klabu yenyewe walikuwa bado hawajasaini mikataba yao mikubwa. Mawakala wao walipata kipimo bila kutoka jasho.

Nylander akagoma kusaini hadi 1 Desemba 2018, siku ya mwisho ambayo ingemruhusu kucheza msimu ule. Akapata karibu milioni 7 kwa mwaka kwa miaka 6, akaingia uwanjani bila maandalizi, na akamaliza na mabao 7 katika mechi 54. Februari 2019 Matthews akasaini miaka 5 kwa takriban milioni 11.6. Marner akasubiri hadi Septemba, kambi ya mazoezi ikiwa imeshafunguliwa, akachukua miaka 6 kwa takriban milioni 10.9. Jumla ya wanne ni milioni 40 na ushei, yaani nusu ya kikomo. Wachezaji 19 waliobaki wagawane nusu nyingine.

Hapo kwenye urefu wa mikataba ndipo pa kutulia. Mchezaji wa NHL anakuwa huru kabisa akifikisha miaka 27 au misimu 7 ya ligi, lolote litakalotangulia. Kabla ya hapo klabu ina haki naye, hivyo miaka hiyo kwa kawaida ni ya bei nafuu. Klabu inapokubali kulipa bei ya juu mapema, inachonunua ni miaka ya uhuru iliyoko mbele. Edmonton walimlipa Leon Draisaitl milioni 8.5 mwaka 2017 na wakampata kwa miaka 8. Colorado walikuwa na Nathan MacKinnon kwa miaka 7 kwa milioni 6.3, na Boston walimfunga David Pastrnak kwa miaka 6 kwa chini ya milioni 7. Toronto walilipa bei ya miaka ya uhuru kwa Matthews wakanunua mwaka mmoja tu wa uhuru wake. Kwa Marner walinunua miwili.

Mtetezi wa Dubas atajibu, na jibu lake lina uzito. MacKinnon alisaini baada ya msimu wa pointi 52, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Marner alikaa mezani akiwa na pointi 94. Matthews alikuwa amefunga mabao 40 katika msimu wake wa kwanza kabisa. Huwezi kumpa bei ya mchezaji ambaye bado hajachanua. Pili, kila klabu ilikuwa inahesabu kwamba kikomo kitapanda. Mwanzoni mwa Machi 2020 ligi yenyewe ilikadiria kati ya milioni 84 na 88.2 kwa msimu uliofuata. Siku chache baadaye korona ikasimamisha kila kitu, na kikomo kikabaki 81.5 kwa misimu miwili zaidi, kisha 82.5, kisha 83.5. Mkataba uliopangwa kumeza sehemu ndogo zaidi kila mwaka ukabaki palepale shingoni. Hakuna meneja aliyeliona hilo likija.

Nakubali sehemu ya korona yote. Hoja ya bei naikubali nusu. Kama wakala anataka bei ya juu, mpe, lakini aongeze miaka. Kama anataka miaka michache, bei ishuke. Toronto walikubali yote mawili kwa upande wa mchezaji, mara mbili ndani ya miezi minane.

Kisha kuna tarehe. Mkataba wa Marner ulikuwa na kipengele cha kutohamishwa bila ridhaa yake. Kwa kanuni za ligi kipengele hicho hakiwezi kufanya kazi kabla mchezaji hajafikia sifa za kuwa huru, kwa hiyo kwake kilianza 1 Julai 2023. Kabla ya siku hiyo klabu ingeweza kumpeleka popote, na akiwa na miaka miwili ya mkataba angeleta mali ya maana. Nini kilitokea ofisini majira yale? Timu ilitolewa na Florida mwezi Mei. Tarehe 19 Mei rais wa klabu Brendan Shanahan akaachana na Dubas. Tarehe 31 Mei akaajiriwa Brad Treliving. Meneja mpya alibakiwa na mwezi mmoja wa kuijua ofisi, kuandaa uchaguzi wa chipukizi, na kuamua kama avunje kundi la nyota ambao hajawahi kufanya nao kazi hata siku moja. Hakufanya kitu, na sidhani kama mwingine angethubutu. Aliyeipanga ratiba hiyo ni Shanahan, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mkataba wowote wa Dubas.

Matokeo yake tuliyaona. Machi 2025 Toronto walipotaka kumhusisha Marner katika mpango wa kumpata mshambuliaji Mikko Rantanen kutoka Carolina, alikataa kuondoa kipengele chake. Ni haki yake. Klabu ndiyo iliyompa. Miezi michache baadaye akaenda Vegas kwa miaka 8 na milioni 12 kwa mwaka, na Toronto wakaambulia Nicolas Roy, kiungo wa kundi la tatu la washambuliaji. Marner alikuwa mchezaji wa pointi 102 msimu ule, 741 katika mechi 657 za jezi ya buluu na nyeupe. Treliving alikuwa ameshayaona haya akiwa meneja wa Calgary mwaka 2022, nyota wake Johnny Gaudreau alipoondoka bure kwenda Columbus. Tofauti ni kwamba kule, Matthew Tkachuk alipokataa mkataba mrefu majira yaleyale, Treliving alimpeleka Florida na kupata Jonathan Huberdeau na MacKenzie Weegar. Alijua njia zote mbili zinaishia wapi.

Turudi kwa wachezaji, maana wasipewe cheti cha kutokuwa na hatia. Mahali pa kuwapima si mechi ya saba, ile ya kuamua, peke yake. Mechi moja ina bahati zake. Papimwe pale mpinzani anapotolewa mtu kwa adhabu na Toronto wanacheza watano kwa wanne, kwa sababu hapo nyota wote wako juu ya barafu kwa pamoja na hakuna wa kumsingizia. Dhidi ya Montreal 2021 walitumia nafasi 3 kati ya 23. Dhidi ya Boston 2024, moja kati ya 21.

Ukiangalia kwa karibu, hitilafu ilianza kabla hata hawajaingia eneo la mpinzani. Anayepanda na kisahani, kile cha mpira mgumu wanachochezea, anakifikisha karibu na mstari wa buluu, linapoanzia eneo la mpinzani, kisha anakirudisha nyuma kwa mwenzake anayekuja kwa kasi. Msimu wa kawaida mabeki wanarudi nyuma kwa woga na njia inafunguka. Kwenye mtoano wanne wote wanasimama juu ya mstari, yule anayekuja anapunguza mwendo, kisahani kinapotea, na sekunde 20 au 30 kati ya 120 za adhabu zinakwenda kukifuata upya. Wakifanikiwa kujipanga, kila mtu uwanjani anajua pasi inamtafuta Matthews. Mabeki wanafunga njia hiyo kwa magoti na magongo, na kwa kuwa mchezaji wa Toronto anayesimama juu kabisa, karibu na mstari wa buluu, hapigi mashuti ya kuogopwa, hakuna anayetoka kumfuata. Dawa inajulikana: piga kutoka juu kisahani kikiwa chini, weka miili miwili mbele ya kipa, gombania kinachorudi. Ni kazi chafu, inauma mgongo. Hawakuifanya vya kutosha. Makocha walibadilishwa, Mike Babcock, Sheldon Keefe, kisha Craig Berube, na tabia hiyo ikabaki.

Kwa haki yao pia: Tavares alitolewa kwa machela katika mechi ya kwanza dhidi ya Montreal 2021 na hakurudi. Mwaka 2024 Nylander alikosa mechi tatu za mwanzo na Matthews mechi mbili za mwisho kabla ya ile ya saba. Akiwa Toronto Marner alipata mabao 13 tu katika mechi 70 za mtoano, lakini alipata pointi 63, na mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho wa tuzo ya Selke, ya mshambuliaji anayekaba vizuri zaidi. Kumwita mzembe ni kutomtazama.

Na waliokuwa tayari kuifanya kazi chafu waliondoka kwa sababu ya fedha au papara. Zach Hyman alikwenda Edmonton 2021 kwa milioni 5.5, akafunga mabao 54 msimu wa 2023-24. (Ndiyo, akicheza na nyota Connor McDavid, lakini mabao hayo aliyapata palepale mbele ya kipa ambapo Toronto palikuwa patupu.) Nazem Kadri alibadilishwa 2019 kwa Tyson Barrie na Alexander Kerfoot, naye akachukua kombe na Colorado 2022. Kadri alikuwa amefungiwa katika mtoano wa miaka miwili mfululizo dhidi ya Boston, kwa hiyo hasira ya klabu inaeleweka, ila malipo waliyopata hayaeleweki. Ili kuukwepa mwaka wa mwisho wa mkataba wa Patrick Marleau, ambao Dubas aliurithi kwa mtangulizi wake, walitoa haki ya chaguo la raundi ya kwanza kwa Carolina, waliomchagua mshambuliaji Seth Jarvis. Chaguo jingine la raundi ya kwanza lilitolewa 2021 kwa Nick Foligno, aliyecheza mechi nne za mtoano bila bao. Klabu inayolipa nyota nusu ya bajeti inaishi kwa vijana wa bei ndogo. Hawa waliuza mbegu.

Shanahan aliachwa Mei 2025. Nylander ameshafungwa kwa miaka 8 kwa milioni 11.5, na Tavares alikubali kushuka hadi karibu milioni 4.4. Kinachosubiriwa ni Matthews, ambaye mkataba wake wa milioni 13.25 unaisha 2028 na una kipengele kamili cha kutohamishwa. Kuanzia 1 Julai 2027 klabu inaruhusiwa kumwongezea. Kikomo kimepangwa kufika milioni 113.5 msimu wa 2027-28, na kanuni zinazoanza Septemba 2026 zimeshusha urefu wa juu wa mkataba kwa mchezaji wako mwenyewe kutoka miaka 8 hadi 7. Atakuwa anaelekea miaka 30. Yeyote atakayekuwa kwenye kiti cha meneja siku hiyo apate jibu ndani ya mwezi ule wa Julai; likiwa hapana, amwombe orodha ya klabu anazozikubali kabla kambi haijafunguliwa, akiwa bado ana mwaka mzima wa kubadilishana.