Wakala wa viza: unamlipa kwa kazi gani?

Jirani yangu wa Njiro, mwongoza watalii, alitumiwa barua ya mwaliko na wageni aliowatembeza Serengeti: wiki tatu Ujerumani. Akaenda kwa wakala mjini Arusha, akalipa laki nne. Salio lake lilikuwa dogo, basi akashauriwa akope fedha zipitishwe kwenye akaunti. Milioni sita zikaingia Jumatatu, Alhamisi taarifa ya benki ikachapishwa. Viza akanyimwa.

Mtaani tangu siku hiyo wanasema mawakala wote ni matapeli. Hasira yao naielewa, na hoja wanazo. Fomu zipo mtandaoni bure. Wakala hana mlango wa nyuma ubalozini. Ada ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Na uongo wa wakala unabaki kuwa wako: fomu ya Marekani, DS-160, inauliza nani amekusaidia kuijaza, lakini kusaini unasaini mwenyewe. Ukikamatwa na hati za kughushi, Uingereza inaweza kukupiga marufuku kuingia kwa miaka 10.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema kila mtu ajipambanie. Tazama kipato cha jirani yangu. Fedha zinakuja Juni hadi Oktoba, nyingi ni bakshishi za dola anazopewa mkononi wageni wakiagana naye uwanja wa ndege. Zinaishia kwenye ada za shule na matofali, benki hazifiki. Masika yakiingia, akaunti imekauka. Ofisa asiyeijua kazi hii anaona mtu asiye na kipato, wakati huyu analisha watu wanane.

Hapo ndipo mtaalamu anapostahili malipo, ila aitwe mapema. Angemwambia miezi sita kabla aanze kuweka bakshishi benki kila arudipo safarini. Angemtaka barua ya mwajiri inayoeleza msimu ulivyo na siku atakayorudi kazini, hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bima ya safari yenye kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Angekagua kila karatasi kabla ya safari ya kupeleka maombi Dar, zaidi ya kilomita 600, maana karatasi moja ikikosekana unapanda basi tena. Kujaza fomu tu hakustahili laki nne.

Wakala ninayemwamini ni yule anayethubutu kusema "bado, usiombe sasa", hata kama kwa kusema hivyo anakosa fedha yako wiki hiyo. Wapo, Arusha na Moshi, ila hawapigi kelele kama wale wa "viza uhakika".

Kumbukumbu za maombi ya Schengen hukaa hadi miaka 5, kwa hiyo safari hii jirani yangu itabidi aeleze zile milioni sita zilitoka wapi. Ameamua kusema ukweli. Wageni wake wamemwandikia barua nyingine, ya mwaliko wa Novemba, na siku hizi akishuka kutoka porini anapita benki kwanza, vumbi la Ngorongoro bado liko kwenye viatu.