Kalenda Haijui Sili Imelika Kiasi Gani

Wiki iliyopita, katika kiwanda kimoja karibu na Lunga Lunga Road, Nairobi, pampu mbili zilifunguliwa asubuhi moja. Sili ya kwanza, yaani kile kizibo kinachozuia maji yasivuje pale shafti inayozunguka inapoingia kwenye pampu, ilitolewa kwa sababu muda wake kwenye ratiba ya sevisi ulikuwa umefika. Niliipangusa kwa kitambaa nikaigeuzageuza kwenye mwanga. Uso wa kaboni bado ulikuwa laini, ukingo haujamegeka. Ingeendelea kufanya kazi vizuri tu, lakini ikatupwa. Ya pili ilikuwa imekufa kabla ya zamu yake. Maji yalikuwa yamefika kwenye beringi, na shafti imelika mfereji ambao ukipitisha ukucha unakwama. Supavaiza akaniambia maneno ambayo nimeyasikia katika karakana nyingi za Industrial Area: "Fundi, sili ni sili. Ikiisha itavuja, tutaona."

Hilo nalikataa. Tukishaona tone, hasara imeshaingia. Na kinachoniuma ni kwamba dawa yake imening'inia kwenye nguzo za mitaa yetu.

Tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, faiba, uzi wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, imeenea Nairobi nzima. Vijana wanapanda ngazi Kasarani na Umoja, wanaimenya, wanaisafisha kwa spiriti, wanaiunganisha kwa mashine pale pale kando ya barabara huku bodaboda zikiwapita. Uzi huo wa kioo, wenye unene wa maikromita 125 tu, unaweza kukaa ndani ya nyumba ya sili na kutuambia kinachoendelea mle.

Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake huko Kanada waligundua kuwa mwanga wa leza unaweza kuacha alama za kudumu ndani ya kiini cha faiba. Alama hizo zikipangwa kwa nafasi maalumu, zinarudisha rangi moja ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Faiba ikipata joto au ikivutika, rangi inayorudi inahama. Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, unaotumika pia kwenye intaneti, inahama takriban nanomita 0.01 kwa kila digrii moja ya joto. Ni kidogo sana, lakini vipo vifaa vinavyousoma mhamo huo bila shida.

Sasa tazama sili yenyewe. Pete moja inazunguka na shafti, nyingine imetulia, na katikati yake pana utando wa maji mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikauka, nyuso zinasuguana na joto linapanda upesi, wakati nje hakuna hata unyevu. Hapo ndipo tunapopaswa kujua. Faiba ikiwekwa nyuma ya uso wa pete iliyotulia, inaliona joto hilo likianza. Iko njia nyingine: faiba inazamishwa kwenye kile kinacholika, nayo inalika pamoja nacho. Hapo nafasi kati ya alama hubadilishwa kidogo kidogo ili zirudishe rangi nyingi badala ya moja, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo upana wa rangi zinazorudi unavyopungua. Unasoma moja kwa moja milimita zilizobaki. Mimi kwa sili za kaboni ningechagua ile ya nyuma, maana sitaki vumbi la kioo kwenye uso niliokwisha kuusawazisha.

Kuna wanaosema themokapo, kipimajoto cha waya, inatosha, na kipima mtetemo kipo. Kipima mtetemo ni kizuri kwa beringi. Habari za sili mara nyingi huzileta zikiwa zimechelewa. Themokapo nayo waya wake ukipita kando ya mota na draivu inayoongoza kasi yake, namba zinaruka ovyo. Faiba haibebi umeme, kwa hiyo haisumbuliwi na mota.

Na kwa sababu haibebi umeme, haitoi cheche. Hilo nalisema kwa uzito wote. Septemba 2011 petroli ilivuja kwenye bomba, ikaingia mtaroni, ikafika mtaa wa mabanda wa Mukuru Sinai hapa Nairobi, na moto ukaua watu zaidi ya 100. Sidai kwamba kipimo kwenye sili kingezuia msiba ule. Ninachosema ni kwamba mwenye pampu ya mafuta karibu na nyumba za watu hana haki ya kusubiri aone tone.

Bei ya kifaa cha kusoma mwanga ni kubwa, hilo nakubali. Kwa kipampu cha maji ya kunawa, nunua sili nyingine Kirinyaga Road uendelee na kazi. Tena joto na mkazo huchanganyika kwenye usomaji, kwa hiyo lazima uweke alama nyingine mahali pasipovutika ili uvitenganishe. Lakini uzi mmoja unabeba alama nyingi, kila moja na rangi yake. Pampu kumi zilizo kwenye mstari mmoja zinasomwa na kifaa kimoja. Ukipiga hesabu, gawa bei ya kifaa kwa kumi, halafu weka pembeni yake bei ya shafti moja na hasara ya siku moja ya laini ya uzalishaji kusimama. Mameneja wengi hawajaifanya hesabu hiyo. Wanaishia kwenye bei ya kifaa.

Nachoomba ni pampu moja. Ile ya maji moto inayokula sili kila mara, ambayo kila kiwanda kinayo na kila fundi anaijua. Meneja aniruhusu niifungue siku ya sevisi, nije na kijana mmoja wa faiba na mashine yake ya kuunganishia, na sili itakayotoka tuipime unene mezani mbele yake kabla haijatupwa.