Kwetu ni mtoni

Hapa Mbagala, Dar es Salaam, ukimuuliza mtu wa Utete kwao wapi, atasema Rufiji. Wa Ikwiriri, Rufiji. Wa Muhoro, Rufiji. Hata wa Kibiti alisema hivyo, na wazee hawajaacha. Vijana ndio nawasikia siku hizi: "Mimi si wa Rufiji bwana, mimi wa Kibiti." Majuzi msibani mmoja wao alitaka daftari la michango ligawanywe, Rufiji ukurasa wake na Kibiti wake. Mama mkubwa akamwambia, "Baba, bibi yako wa Muhoro, babu yako wa Kibiti. Wewe tukuandike wapi?"

Kibiti kumegwa kutoka Rufiji na kuwa wilaya sina ugomvi nako. Makao makuu ya Rufiji yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto Rufiji, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Mwenye shida ya ofisini alihangaika kwelikweli. Kusogezewa huduma ni haki yake.

Lakini wilaya imetukuta tayari ni watu wamoja, na aliyetufanya wamoja ni mto. Maji yakishuka, watu wa pande zote mbili wanapanda mlau, yaani kilimo cha kwenye tope lililobaki na unyevu, wanajenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanakesha kuwinga nguruwe na viboko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipowahamishia watu vijijini, kwenye miinuko, wengi waliendelea kuteremka bondeni kulima. Marehemu babu alikuwa mmoja wao. Alisema huku juu ni pa kulala tu.

Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba Muhoro, Chumbi na vijiji vya Kibiti pia. Nyumbani kwetu tulilala chini wiki kadhaa kwa kupokea ndugu, na hakuna aliyeulizwa wilaya yake mlangoni.

Sasa juu ya mto huo lipo Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Maji yanayofunguliwa kule yanateremka kwetu sote. Ndiyo maana nataka halmashauri hizi mbili zikae meza moja kabla ya kila masika, zipange pamoja namna ya kuwatahadharisha watu, ili shangazi yangu wa Muhoro na mjomba wangu wa Mbwera, kule Kibiti, wapate taarifa siku moja, wangali na muda wa kuokoa mbegu.