Kamera Isiyopimwa kwa Nuru Inayokwenda Haijapimwa

Katikati ya Julai nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Manyoni, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, ambaye alijinyima kwa miezi mitano ili anunue kamera ya ulinzi ya kurekodia vimondo. Aliichagua baada ya kutazama jaribio moja la video lililosifiwa na watu wengi, ambamo mjaribu alisimama sokoni usiku, akaonyesha jinsi nyanya zinavyoonekana nyekundu na mchicha unavyoonekana wa kijani kwa mwanga wa taa moja iliyo mbali, kisha akatangaza kwamba hiyo ndiyo kamera ya mtu anayetaka kutazama mbingu. Kijana aliifunga juu ya paa, akaielekeza kusini, akaiacha irekodi siku nne mfululizo tangu magharibi hadi alfajiri, katika majira ambayo anga la nyanda zetu za kati ni kavu na safi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Hakupata kimondo hata kimoja. "Shikamoo mzee wangu," aliandika, "nadhani kosa ni langu. Labda mambo haya si ya watu kama sisi."

Maneno hayo ya mwisho yalininyima usingizi. Nilimwomba aitie kamera kwenye basi la kuja Dodoma, nikaifanyia majaribio kwa wiki nzima, na sasa ninaweza kusema bila kusita kwamba kijana hakukosea popote isipokuwa kumwamini mtu aliyepima kitu kisichohusika.

Soko halitembei. Nyanya zimetulia, taa imetulia, na kamera nyingi za ulinzi za siku hizi zinapoona giza hufanya jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayalisemi waziwazi: hurefusha muda wa kukusanya nuru, zikaacha shata, yaani mlango wa nuru, wazi kwa theluthi ya sekunde au zaidi, kisha zikarudia picha ileile mara kadhaa ili mtazamaji aendelee kuhesabiwa fremu 25 kwa sekunde. Ile tarakimu ya kupendeza ya lux, yaani kiasi kidogo kabisa cha mwanga ambacho kamera inadai kuona, yenye sifuri nyingi baada ya nukta, mara nyingi hupatikana kwa njia hiyo. Kwa mlinzi anayetazama geti si kosa, kwa sababu geti halina haraka. Kimondo kina haraka kuliko kitu chochote ambacho kamera hiyo itakielekea maishani mwake.

Tuchukue Delta Aquariids wa Kusini, kundi la vimondo linalofikia kilele chake karibu na tarehe 30 Julai na ambalo kwa sisi wa latitudo hizi ni zawadi, kwa kuwa kitovu chake, yaani pale angani vinapoonekana kutokea, hupita karibu na utosi wetu kati ya saa nane na saa tisa usiku. Vimondo vyake huingia katika angahewa kwa takriban kilomita 41 kwa sekunde. Kimondo cha namna hiyo kikipita mbele yako kwa umbali wa kilomita 130 hukata nyuzi 18 za anga kwa sekunde moja, yaani karibu robo tatu ya nyuzi moja katika kila fremu. Ukiwa na lenzi ya milimita 4 inayotazama upana wa nyuzi 88 kwa pikseli 1280, hiyo ni kama pikseli 10 kwa fremu. Nyota iliyotulia humimina nuru yake yote katika pikseli mbili au tatu kwa muda wote wa fremu, wakati kimondo chenye mng'ao uleule huigawa nuru hiyo katika mstari, na kila pikseli hupata sehemu ndogo tu kabla mgeni hajaondoka. Kwa hiyo kamera inaweza kuonyesha nyota za daraja la sita (daraja ni kipimo cha mng'ao, na namba ikiwa kubwa nuru ni hafifu zaidi) na bado ikashindwa kuona kimondo cha daraja hilohilo. Ukirefusha muda wa shata, nyota inaneemeka zaidi na zaidi, lakini kimondo hakiongezewi hata chembe, kwa kuwa kilishaipita ile pikseli zamani, na kinachoendelea kujazana pale ni mwanga wa anga na chenga peke yake.

Nilimfanyia kijana jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya chumbani bila gharama. Nilichukua taa ndogo ya LED, nikaifunika kwa karatasi ya alumini yenye tundu la sindano, nikaitundika kwenye uzi wa urefu wa mita moja katika chumba chenye giza, nikaibembeza. Kamera iliyowekwa sawa hutoa kistari kifupi katika kila fremu, na kistari kinachofuata huanzia pale kilipoishia kilichotangulia. Kamera ya Manyoni ilitoa upinde mmoja mrefu, na upinde huo ukarudiwa katika fremu nane zilizofanana kabisa. Kisha nikaongeza tabaka za karatasi nyeupe juu ya tundu, moja baada ya nyingine, mpaka nuru ikawa hafifu sana. Taa ilipotulia ilionekana. Nilipoibembeza ilitoweka. Nilirudia mara tatu nikidhani uzi umeshika mahali, lakini haukuwa umeshika.

Mhalifu wa pili ni ule mfumo wa kusafisha chenga, ambao hulinganisha fremu moja na zilizotangulia na kufuta kila kitu kisichodumu mahali pamoja. Chenga hazidumu, ni kweli, lakini na kimondo hakidumu. Mfumo huo hauwezi kujua kwamba kile kidoa kilichojitokeza kwa sehemu ya ishirini na tano ya sekunde ni punje ya mchanga iliyozunguka jua kwa maelfu ya miaka kabla ya kuungua juu ya Manyoni. Unakifuta, unampa mtazamaji anga jeusi, laini na la kupendeza, naye anasifu usafi wa picha. Ninaumia ninapofikiri ni watu wangapi wametazama anga hilo lililosafishwa wakaamini kwamba juu yao hakuna kitu.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba uzuri wa picha si kipimo. Katika menyu ya ndani kabisa ya kamera ile, baada ya kurasa kadhaa, nilikuta uwezo wa kufunga shata kwenye 1/25 ya sekunde, kuzima usafishaji wa chenga, kuzima rangi, na kuzima taa za infraredi ambazo kazi yake kubwa juu ya paa ni kuwaita wadudu na buibui waje kutanda mbele ya kioo. Lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa ya f/2.0, nikaibadilisha kwa lenzi ya f/0.95 niliyokuwa nayo, ambayo kwa urefu uleule wa fokasi hupitisha nuru zaidi ya mara nne. Picha iliyotokea ilikuwa ya kijivu, yenye chenga tele, ambayo mjaribu wa sokoni asingethubutu kuionyesha. Hiyo ndiyo picha inayofaa. Kihisi chenyewe, Sony IMX291, hakikuwa na tatizo lolote, na ni kihisi kilekile kinachotumiwa katika vituo vingi vya watazamaji wa kujitolea vya Global Meteor Network, vinavyoendeshwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Baada ya chumbani ndipo twende angani, na hapa hatuna haja ya vifaa. Msalaba wa Kusini unatosha kwa lenzi pana, kwa sababu nyota zake tano zinashuka kama ngazi: Acrux yenye daraja 0.8, Mimosa 1.3, Gacrux 1.6, kisha ile ya nne yenye 2.8, na ya tano, Epsilon Crucis, yenye 3.6. Kwenye saa mbili usiku mwezi wa Julai Msalaba bado umesimama vizuri upande wa kusini magharibi. Simamisha video, tazama fremu moja tu na si picha iliyolundikwa kutokana na fremu mia, uone unaishia ngazi ipi. Kwa lenzi nyembamba zaidi subiri Kilimia, ambacho Julai huchomoza baada ya saa nane usiku. Wazee wetu walikitumia kupima majira ya mvua na jua. Sisi tunaweza kupimia kamera, tukianza na Alcyone yenye daraja 2.9, kisha Atlas 3.6, Electra 3.7, Maia 3.9, Merope 4.2 na Taygeta 4.3. Pleione usiihesabu, kwa kuwa iko karibu mno na Atlas na lenzi pana huziunganisha zikawa nyota moja.

Kuhesabu fremu ni lazima vilevile. Fremu moja kati ya 25 ikipotea kwa sababu ya Wi-Fi dhaifu au diski iliyochoka, na programu isitambue, kimondo cha kilomita 41 kwa sekunde kitaandikwa kuwa na kasi iliyozidi kwa zaidi ya kilomita 1.5, na njia yake kuzunguka jua itakayokokotolewa haitakuwa njia yake. Tumia waya. Saa ya kompyuta nayo isahihishwe kwa intaneti au kwa GPS.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kamera yoyote ni bora kuliko kutokuwa na kamera pale linapopita gimba kubwa. Tarehe 15 Februari 2013, lile la Chelyabinsk, nchini Urusi, lilinaswa na kamera za kwenye magari ambazo hakuna aliyezipima kwa nyota, na mwaka 2018 picha za kamera za ulinzi zilisaidia kuwaongoza watafiti hadi kwenye vipande vilivyoangukia Kalahari, nchini Botswana. Lakini magimba hayo yaling'aa kiasi kwamba kamera mbovu haikuwa na namna ya kuyakosa. Mtu haweki kamera juu ya paa kila usiku kwa miaka kusubiri Chelyabinsk.

Kuhusu bei, ninajua. Lenzi nzuri pamoja na ushuru huweza kuzidi bei ya kamera yenyewe.

Ninarudi kwenye ile kauli kwamba mambo haya si ya watu kama sisi, kwa sababu siwezi kuiacha ipite. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, mkoa uleule wenye kile chuma kikubwa cha Mbozi ambacho kila mtoto wa shule amekisikia. Jiwe la Ivuna lilikuwa na gramu 705 tu, lakini ni la aina adimu kiasi kwamba kundi zima la mawe hayo huitwa CI duniani kote, na hiyo I ni Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwishoni mwa mwaka 2020, watafiti waliona kwamba unafanana na mawe ya kundi hilo. Hata hivyo, hakuna awezaye kuchora njia ambayo jiwe la Ivuna lenyewe lilifuata kuja duniani, kwa kuwa njia hupimwa kwa kutazama kutoka mahali pawili, na hapakuwa na kamera mbili zilizolitazama. Thika, nchini Kenya, mawe yalianguka tarehe 16 Julai 2011, na huko nako njia haikupimwa. Uingereza, tarehe 28 Februari 2021, kimondo chenye kaboni kilipita usiku mbele ya kamera za watu wa kujitolea zilizopimwa na kusawazishwa, na asubuhi yake vipande vikaonekana mbele ya nyumba moja huko Winchcombe. Njia yake ikarudishwa kwa hesabu hadi kwenye ukanda wa sayari ndogo. Tofauti ya Ivuna na Winchcombe haikuwa katika mbingu. Anga letu hupokea vimondo kama anga lao, na ardhi yetu imekwisha kupokea jiwe lililopewa heshima kuliko mengi ya kwao. Mwalimu wa fizikia wa Manyoni akiambiwa ukweli kuhusu kamera moja, anaweza kufanya kile ambacho mwaka 1938 hakikuwezekana.

Ndiyo maana nawaomba wote wanaojaribu kamera na kuwashauri wenzao wasiseme neno kuhusu vimondo kabla ya kubembeza taa kwenye uzi. Ni kazi ya dakika kumi. Atakayesikia ushauri wao huenda ameuza mbuzi ili aufuate.

Nilimrudishia kijana kamera yake kwa basi la tarehe 27, pamoja na ile lenzi na karatasi yenye maelekezo ya menyu. Alipigwa na butwaa kuona picha ilivyoharibika. Kutoka kwangu hadi kwake hazizidi kilomita 130 kwa barabara, umbali unaofaa sana kwa vituo viwili vinavyotazama nafasi moja ya anga kwenye kimo cha kilomita 100, kwa hiyo tulipanga pembe kwa simu, mimi nikaelekea kusini magharibi na yeye kusini mashariki, kila mmoja akaweka saa sawa na kuthibitisha Msalaba. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31, saa nane na dakika kumi na saba, kamera yangu ilirekodi mstari katika fremu 14. Asubuhi kabla sijanywa chai nilikuta ujumbe wake: wa kwake una fremu 17, saa ileile, sekunde ileile. Aliuliza, "Mzee, hiki ni kimoja?"

Nikamjibu kwamba ni kimoja, na kwamba aanze kupima nyota zilizo kando ya ule mstari.