Leza au sindano: jicho la kisukari baada ya kupata figo mpya

Kisukari huharibu figo na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa njia moja: sukari iliyopanda kwa miaka mingi huchakaza mishipa midogo kabisa ya damu. Kwa hiyo mgonjwa ambaye kisukari kimemmaliza figo hadi akapandikizwa nyingine, ni nadra retina zake ziwe salama. Na retina, tofauti na figo, hakuna wa kukuchangia.

Wengi hutegemea kwamba figo mpya ikishakubali, macho nayo yatatulia. Lipo jambo la kweli hapo. Maji yaliyojaa mwilini hupungua, damu huongezeka, na uvimbe wa makula, kile kitovu cha retina tunachotumia kusoma na kutambua sura, huweza kushuka. Lakini kisukari hakijaondoka, na dawa za kuilinda figo isikataliwe na mwili hukichochea. Prednisoloni hupandisha sukari, takrolimasi vilevile. Prednisoloni huweza pia kuleta mtoto wa jicho na glakoma, yaani presha ya macho. Hata anayepandikizwa kongosho pamoja na figo, upasuaji uliofanywa kwa mara ya kwanza Minnesota mwaka 1966, hajavuka salama moja kwa moja: sukari ikishuka kwa haraka, retina iliyokwisha kuumia huweza kuzidi kuharibika kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia.

Mzozo wenyewe huanza pale mishipa mipya, dhaifu na yenye kuvuja, inapoota juu ya retina. Ichomwe leza, au zitumike sindano za jichoni?

Leza ina historia ndefu. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba inapunguza hatari ya kupoteza uwezo mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi. Huchoma sehemu za pembeni za retina ili mahitaji ya oksijeni yapungue na mishipa mipya isinyae. Gharama yake hairudishiki: uoni wa pembeni hupungua, wa usiku nao.

Sindano huzuia VEGF, protini inayoamrisha mishipa hiyo iote. Utafiti wa DRCR, mtandao wa Marekani wa watafiti wa retina ya kisukari, uliotolewa 2015 ulikuta kwamba baada ya miaka miwili ranibizumabu, mojawapo ya dawa za sindano hizo, haikuzidiwa na leza, na uoni wa pembeni ulihifadhika zaidi. Kwa kijana anayeendesha gari usiku, hoja hiyo ni nzito.

Tatizo ni kwamba figo nayo inaihitaji VEGF. Chujio lake hutunzwa na protini hiyohiyo. Wagonjwa wa saratani wanaopewa bevasizumabu, dawa nyingine ya kuzuia VEGF ambayo hudungwa jichoni pia, hujulikana kwa kupanda presha na kuvuja protini kwenye mkojo. Watetezi wa sindano hujibu kwa hesabu: jicho hupata miligramu 1.25, ilhali mgonjwa wa saratani mwenye kilo 60 huweza kupewa 300 kwa mkupuo. Ni jibu zuri, ila halimalizi mjadala. Sehemu ya dawa hupenya hadi kwenye damu, na zipo taarifa za wagonjwa mmojammoja ambao protini ya mkojo iliongezeka baada ya sindano, wakiwemo wenye figo za kupandikizwa. Tafiti kubwa hazikuonyesha madhara ya wazi kwa figo, lakini tafiti za DRCR ziliwaacha nje kwa makusudi watu waliopandikizwa figo. Utulivu wa takwimu hizo umetokana na miili ya wengine.

Hata hivyo, kinachonielekeza kwenye leza si figo, ni mahudhurio. Sindano hudai kurudi kliniki mara kwa mara, mwanzoni karibu kila mwezi. Mtu huyu tayari ana kliniki ya figo, ya kisukari, vipimo vya damu, na wakati wowote anaweza kulazwa kwa maambukizi au kwa sababu mwili unaikataa figo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulifuatilia wagonjwa waliotoweka kliniki kwa zaidi ya miezi sita: macho yaliyokuwa yanategemea sindano pekee yaliharibika kuliko yaliyochomwa leza, na retina kubanduka kulionekana zaidi kwa hayo ya sindano.

Kwa hiyo mishipa mipya ningeichoma leza, na ikiwezekana kabla ya upandikizaji, kwa awamu, ili makula isivimbe ghafla. Makula ikivimba, hapo sindano hazina mpinzani wa kweli, na kumnyima mgonjwa kwa kuihofia figo ni kumpofusha kwa tahadhari. Ila chaguo la dawa lina uzito: ranibizumabu hutoka kwenye damu haraka kuliko bevasizumabu na afliberseti, dawa ya tatu ya aina hiyo, kwa hiyo mwenye protini kwenye mkojo aanze nayo. Presha, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na protini ya mkojo hupimwa kliniki ya figo hata hivyo. Inabaki daktari wa macho kumwandikia mwenzake ni dawa gani imechomwa, na lini.